Bibi Alitufuata Kenya

Mwaka 2018, hapa Johannesburg, nilikuwa nashona katika chumba tulichopanga mafundi watatu, jengo kuukuu katikati ya jiji, juu yetu kanisa. Siku moja akaingia mama wa Kikongo na kitambaa chake. Mteja wangu mwingine, kijana Mkenya wa benki kule Sandton, alikuwa anasubiri suruali. Akamsalimia yule mama, akamuuliza kwao wapi.

"Mi natoka ku Kenya," mama akajibu.

"Kenya gani, mathe? Hiyo Kiswahili si ya kwetu."

"Kenya ya Lubumbashi. Yenu ni inchi, yetu ni kartie. Lakini yetu iko na bantu benye kujua kuvala."

Nilicheka mpaka sindano ikanichoma, halafu nikaanza kulia. Wakadhani ni sindano.

Maana hata mimi nimekulia Kenya hiyo, rafiki yangu. Ni mtaa wa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, siku zile nchi inaitwa Zaire. Sisi watu wa Tanga. Aliyetupeleka ni mjomba, kaka yake mama, na namtaja bila kumung'unya maneno. Alimwambia baba ana karakana, vyerehani vitano. Tulipofika kulikuwa na cherehani kimoja, nacho ni kile alichokuja nacho baba.

Mji ulikuwa mgumu. Maji ni foleni tangu alfajiri, umeme ukirudi watu wanapiga vigelegele, askari wanamsimamisha baba kila kona kwa kuwa ni mgeni. Lakini nina miaka minane, najua nini? Mimi niliona raha tu. King'ora cha kiwanda cha shaba kikilia, watoto mtaa mzima tunalia nacho. Jirani yetu akikaanga vinkubala, wale viwavi wakavu, harufu inafika barabarani. Mama anafunga mlango kwa kinyaa, mimi natokea dirishani. Watoto waliniita Swahili Bora kwa sababu nilisema "maji" na wao "mayi". Haukupita mwezi na mimi nikasema "mayi". Mama akanifinya.

Shule ndiyo haikuwepo, milango ilikuwa imefungwa. Mama akataka nirudi Tanga, nikasome kwa bibi. Sasa sikia. Bibi alikuwa amemkataza mama kwenda Zaire, katakata. Kwa hiyo mjomba, ambaye ndiye pekee aliyejua kuandika, siku zote alimwandikia kwamba tunakaa Kenya. Hakuongeza neno. Uongo haukuwemo, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Barua zilipita kwa dereva wa lori, rafiki yake, naye bibi akimuuliza anajibu Kenya, Kenya. Wazazi wangu hawakujua. Walidhani bibi anajua tuko Zaire na ameshasamehe.

Jibu likaja, mjomba akalisoma kwa sauti kabla hajaelewa anasoma nini: "Mtoto nitamfuata mwenyewe. Mwezi ukiandama nitakuwa Kenya." Mjomba akaikunja barua upesi, akaitia mfukoni. Mama akanibeba, akanirusha juu.

Siku zile, we acha tu. Gauni langu nililifua likiwa safi, nikalifua tena. Jirani alinisuka, akaniuliza, "Nkambo yako atakuleteya nini?" Nikamwambia visheti, na wewe nitakupa. Mwezi ukaandama, nikakaa mlangoni tangu asubuhi nimevaa viatu. Kila mwanamke mwenye kanga akitokea kwa mbali, natoka mbio. Nikirudi watoto wananitania, "Swahili Bora, nkambo anakuya na miguu?" Nawajibu atakuja na ndege. Mjomba anapita, ananitazama, anaenda zake. Siku tisa alinitazama nikisubiri.

Siku hizo tisa bibi alikuwa Mombasa. Kutoka Tanga si mbali, alipanda basi la asubuhi, akawa anazunguka kwa mafundi cherehani: hamumjui fundi wa Tanga, mkewe ana kidoti shavuni? Kisha akarudi nyumbani, akasema binti yangu amenificha.

Mama alipombana mjomba akasema yote, na mama akamfukuza na mwiko wa bukari, ule ugali wa kule. Akatafuta mtu mwingine wa kumwandikia bibi na kumwomba radhi. Bibi hakukubali barua hiyo isomwe mbele yake. Hayo nilisimuliwa na mama mdogo nimeshakuwa mtu mzima, nimefika Tanga kwa mara ya kwanza tangu utoto, bibi ameshazikwa.

Shule sikuipata. Hizi herufi nimejifundisha ukubwani, kwa vibao vya maduka. Lakini ukiniuliza ninachokililia zaidi, ni zile siku tisa. Tangu hapo nimesubiri mengi, na foleni za makaratasi za hapa Johannesburg zimenizeesha. Kusubiri kule, nikiwa na hakika moyoni kwamba mtu wangu yuko njiani, sijakupata tena.