Meno ya Feruzi

Jino la Feruzi lilivunjika akila wali. Alitema, akasogeza sahani na kumwita mkewe.

"Mama Heri, umeacha jiwe humu."

Aziza alikuwa amepepeta ule mchele mwenyewe asubuhi, uani pao kule Kasongo. Akachukua kile kitu kwenye kiganja cha mumewe, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango. Upande mmoja kilikuwa laini, upande wa pili kimechongoka.

"Hili haiko jiwe, Baba Heri. Ni wewe."

Feruzi akapitisha ulimi nyuma ya mdomo, akakuta pengo.

Aziza hakushangaa sana. Ulikuwa mwaka wa pili sasa tangu mumewe aanze kusaga meno usingizini. Mara ya kwanza alidhani panya wako darini. Baadaye akadhani mutu anakwaruza ukuta kwa nje, akatoka na taa, akazunguka nyumba nzima bila kuona kitu. Aliporudi kitandani ndipo akajua sauti inatoka mdomoni mwa mume wake. Mama yake Feruzi alisema ni minyoo, akampa mbegu za papai zilizosagwa. Jirani mmoja alisema maneno mabaya zaidi, kwamba anayetafuna usiku pasipo chakula anajua anachotafuna. Tangu siku hiyo Aziza alimhamishia mtoto, Heri, chumba cha nyuma, na hakumweleza mtu sababu.

Feruzi mwenyewe alikuwa mtu mpole, fundi wa baisikeli karibu na soko. Zamani alikuwa mchimba dhahabu upande wa Kabambare. Aliacha baada ya shimo kuporomoka mbele ya kijiji cha Wamaza na kumfunika rafiki yake Christophe, mtu wa kutoka Fizi, ambaye walikuwa wanakula sahani moja miaka yote ya uchimbaji. Feruzi alitolewa akiwa hai. Christophe hakutolewa. Hayo ndiyo yote ambayo Aziza aliyajua, kwa sababu Feruzi hakupenda kuyazungumza.

Daktari wa meno, Iliasi, alimfungua mdomo Feruzi, akamulika kwa muda mrefu.

"Una miaka mingapi?"

"Thelathini na tano, dokta."

"Meno haya ni ya babu yako. Unayasaga ukilala, tena kwa nguvu kuliko unapovunja mfupa. Ukiendelea hivi utabaki na fizi."

Akamng'atisha ujiuji wenye harufu ya mnanaa mpaka ukaganda, ukashika umbo la meno yake. Kipimo hicho kilisafiri hadi Bukavu, na kilichorudi kilikuwa kitu chembamba cha plastiki angavu, kilichopinda kama kiatu cha farasi. Iliasi alikiita kwa Kifaransa *gouttière*, jina lile lile la mfereji wa bati unaokinga maji ya mvua, na Aziza akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Utaivaa juu ya meno ya juu kila unapolala," daktari alisema. "Asubuhi muioshe kwa maji baridi. Ya moto yataikunja. Lakini nisikilizeni vizuri. Hii inalinda meno tu. Kinachokusagisha, haikigusi."

Siku za mwanzo Feruzi aliamka na mate hadi shingoni, akaongea kama mtoto mwenye kithembe, na Heri akamwigiza nyumba nzima. Kisha akazoea. Mkwaruzo ukakoma. Nyumba ikawa kimya.

Ijumaa moja, baada ya swala, Feruzi alivaa plastiki yake akajinyoosha kwenye mkeka sebuleni. Jua lilikuwa kali, bata wa jirani wakipiga kelele uani. Aziza aliketi karibu naye akichambua maharagwe. Inzi alipotua kwenye shavu la mumewe akanyoosha mkono kumfukuza, na mkono ukabaki pale pale. Taya lilikuwa linafanya kazi. Sauti haikutoka, ila chini ya ngozi kitu kilikuwa kinapiga. Mpigo mmoja. Kimya. Mipigo miwili ya haraka. Kimya kirefu, kama cha mutu anayesubiri kujibiwa. Halafu tena, mmoja, kimya, miwili.

Aliondoa mkono taratibu, akaupangusia kwenye kitenge.

Siku zilizofuata ule mpigo ulimwingia mwilini bila yeye kutaka. Jioni moja, akingojea sufuria ichemke, vidole vyake vikaupiga kwenye ubao wa mlango. Feruzi alikuwa uani anaziba tairi. Aliinuka ghafla hata baisikeli ikaanguka.

"Nani alikufundisha hiyo?"

"Nani tena? Ni wewe, Baba Heri. Unaipiga ukilala."

Alikaa chini kwenye vumbi, mikono imejaa gundi. Ndipo akamwambia.

Shimo lilipoporomoka, udongo ulimtenganisha na Christophe. Wenzao walimvuta yeye nje kwa miguu. Lakini kabla hawajamvuta, na hata baada ya hapo, alipokuwa amelala juu ya mawe akiweka sikio chini, alimsikia Christophe upande wa pili. Wachimbaji wote waliijua alama ile. Kugonga mara moja, kisha mara mbili, maana yake: niko hapa, nina hewa. Walichimba. Udongo ukashuka tena, ukawafunika wawili wengine hadi kiunoni, na mkubwa wa shimo akakataza mtu kushuka. Kugonga kukaendelea, kisha kukawa kukwaruza tu, kama kucha juu ya jiwe. Kulinyamaza kesho yake jua likiwa utosini.

"Na Mama Malaika anajua?" Aziza aliuliza. Mama Malaika ni Marie-Jeanne, mjane wa Christophe.

"Nilimwambia alikufa pale pale. Nilimwambia hakusikia hata uchungu."

Aziza akainua baisikeli, akaisimamisha ukutani.

Marie-Jeanne aliishi Wamaza, akilima na kuuza mavuno yake, na kila akija Kasongo alifikia kwao. Safari hiyo alishuka kwenye pikipiki akiwa mwekundu wa vumbi, shavu limevimba kidogo. Alisema jino linamsumbua. Aziza akampa maji ya kuoga na chakula, naye akajilaza mkekani kando ya Heri aliyekwisha kusinzia.

Haikuchukua muda. Aziza alikuwa jikoni aliposikia mkwaruzo, akasema moyoni, amelala bila kuvaa plastiki. Akatoka kwenda kumwamsha mumewe. Lakini Feruzi alikuwa amesimama uani, macho wazi, spana mkononi, anasikiliza.

Wakaenda mlangoni pamoja. Ndani, kwenye mwanga mweupe wa mchana, Marie-Jeanne alikuwa amelala chali. Taya lake lilisaga mara moja. Likanyamaza. Likasaga mara mbili upesi. Heri, aliyewahi kumwigiza baba yake kwa kila kitu, alikuwa amefumbua macho na kumkazia yule mama.

Spana ilimtoka Feruzi mkononi. Marie-Jeanne akaamka.

"Mbona munaniangalia kama maiti?"

"Shemeji," Feruzi akasema, "ulianza lini kusaga meno?"

"Mimi? Sisagi meno." Akagusa shavu. "Taya linauma kila asubuhi, hilo ni kweli. Lakini nalala peke yangu, nitajuaje?"

"Linauma tangu lini?"

Alifikiri. "Tangu juma lile la msiba."

Feruzi akapiga magoti kwenye kizingiti na kumweleza yote, bila kuruka hata kukwaruza kwa kucha. Aziza alitegemea kilio, akajiweka tayari kumshika. Marie-Jeanne hakulia.

"Mpaka saa gani?" aliuliza.

"Kesho yake. Jua utosini."

"Ile saa nilikuwa shambani, ninavuna karanga. Habari ilikuwa haijanifikia. Nikasikia kitu kinakwaruza chini ya jembe. Nikasema ni jiwe. Nikachimba mpaka kwenye udongo mwekundu." Akaonyesha kina kwa mkono, mpaka kwenye kiwiko. "Hapakuwa na kitu. Nikafukia, nikahamia mstari mwingine."

Kisha akauliza, "Anayesikia alama ile, anajibu namna gani?"

"Anagonga mara tatu, polepole. Maana yake tumekusikia. Nilijibu, shemeji. Nilijibu mpaka wakaninyang'anya jiwe."

"Nipeleke."

Walikwenda watatu kwa pikipiki mbili, na huko Wamaza wakamchukua katekista. Shimo lilikuwa limejifunga, majani yamefika kifuani, na kati yake mti wa mpapai uliojiotea. Katekista aliomba. Feruzi akainua mikono na kusoma dua yake kando. Walipomaliza, Marie-Jeanne aliokota jiwe, akapiga magoti, akagonga ardhi mara tatu, polepole. Akalaza sikio chini. Feruzi naye akalaza lake. Aziza alibaki amesimama, na anasema hata leo kwamba hakusikia lolote zaidi ya upepo kwenye majani. Wale wawili walikaa hivyo mpaka kivuli cha mpapai kikawapita. Walipoinuka walikuwa na udongo kwenye mashavu, na hawakutazamana. Hakuna aliyewauliza, wala wao hawakusema.

Tangu hapo plastiki ya Feruzi inatoka safi asubuhi. Iliasi aliitazama kwenye dirisha akitafuta mikwaruzo mipya, akasema mgonjwa wangu, ukitaka unaweza kuacha. Feruzi hataki kuacha. Anaivaa hata akipumzika mchana.

Marie-Jeanne, naye alipopelekwa kwa Iliasi, aliikataa plastiki. Daktari alimweleza kwamba gego moja limeshapasuka na mengine yatafuata.

"Dokta, yule mutu alifungwa mdomo na udongo," alimjibu. "Mimi nimfunge tena na plastiki?"

Baadaye maumivu yalimshinda, akakubali kung'ata ule ujiuji, huku ameshika mkono wa Aziza kwa nguvu mpaka pete ikaacha alama. Plastiki yake iko Wamaza, ndani ya kisanduku chake. Binti yake Malaika ameolewa mbali, na nyumba ni ya mtu mmoja sasa. Aziza akimuuliza kwa simu kama anaivaa, anasema ndiyo. Akimuuliza kama bado anasaga, anacheka kidogo.

"Mama Heri, na wewe. Humu ndani nani atanisikia?"