Majani ya Kinunda

Njaa iliyofuata vita vya Maji Maji ilimkuta Kasiana mjane pale Maposeni. Mumewe, Kinunda, Wajerumani walikuwa wamemnyonga bomani Songea. Wao walikuwa Wamatengo, na shamba la mashimo la Wamatengo halilimwi na mtu mmoja: mume hufyeka majani na kuyalaza kwa miraba, mke huyafukia kwa udongo. Jirani walimwambia aache. Kasiana akauchukua mundu wa marehemu, akapanda mteremko.

Jioni mwalimu Remigi wa misheni alipita, akashangaa. Katika kila pembe ya mraba majani yalikunjwa kidogo kushoto.

“Nani kakulazia majani, mama?”

Kasiana akaitazama kazi yake. Kukunja vile hakufundishwa na mtu. Miaka yote alikuwa nyuma ya mumewe na jembe, akiona tu.

“Kinunda.”

“Mama, fahamu za marehemu zimezimika. Roho yake iko kwa Mungu.”

“Roho na ikae huko, mwalimu, sigombani na Mungu. Lakini kamba haikunyonga kujua kwake.” Akanyoosha mikono yenye udongo. “Kumo humu. Na kesho alfajiri tunaumaliza mteremko.”