Mlinzi wa Magofu na Kasuku Wake

Mlinzi wa magofu yetu hupanda ngazi za hekalu akipapasa mawe kwa kiganja, na huongea chini chini utadhani kuna mtoto amelala. Wageni wakipiga picha, yeye hutazama vilele vya miti. Kasuku watano wekundu aliowalea kwa mkono walikuwa wameachiliwa, kisha bunduki zikasikika msituni, na wiki nzima hawakuonekana. Jana, akiwasimulia wageni habari za wafalme wa Wamaya, aliinua uso ghafla. Kelele za kasuku zikapita juu yetu.

“Eulalia, hebu wahesabu!” aliniambia mimi, mpishi wa msafara wa wageni hao. “Macho yangu yamejaa maji.”

“Wote watano, kaka.”

Akaketi ngazini, akavua kofia, akacheka. “Wakorofi hawa! Hata salamu hawatoi!”