Vaze yangu ya kioo ya zamani ilivyonywewa pombe ya mahari

Wakuu, salamu huko muliko. Mi niko Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, na hii njo ilivyotokea kwetu, sijaongeza chumvi.

Kazi yangu ni kushona. Ugonjwa yangu ni vaze, vile vyombo vya kioo vya kutia maua, vya zamani. Nikienda Lilongwe kununua vitambaa, lazima nipite Chilinde, kwa bamama benye kuuza vitu vya nyumba za bantu baliohama.

Nageuza vaze, natafuta kovu chini, pale fundi aliibandua kwenye fimbo ya chuma ya kuishikia. Kovu ikiwepo, ni ya kupulizwa kwa mkono, moyo inaanza kupiga.

Siku moja nikapata kubwa, ya kijani, mdomo imekunjwa kama pindo ya sketi. Niliirudisha nyumbani kwenye mapaja, nimeifunga na mabaki ya vitambaa. Mke wangu akauliza, "Na huyu mgeni atalala wapi?"

Tuendelee.

Ikafika mahari ya dada yangu Aline. Sisi ni Barundi. Kwetu wazee wa pande mbili wanakunywa impeke, pombe ya mtama, kwa mirija, kutoka mtungi moja. Bila ile, hakuna kusikilizana. Na baba ya bwana harusi ni mutu wa desturi sana, tayari alikuwa ananung'unika kwamba batoto ba kambi habana adabu.

Mtungi tuliazima mbali, ikaletwa na kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria. Ikaanguka njiani, ikapasuka, na bageni bamekwisha kukaa.

Shangazi akataka kumimina pombe kwenye beseni ya kufulia. Aline akalia kabisa. Alijua mzee akiona beseni, atasimama na kwenda zake.

Njo Shangazi akainua macho kwenye étagère yangu, ile rafu ya kupanga vaze.

"Lete ile ya kijani."

Nikaleta. Kusema kweli roho iliniuma. Yeye akashika sufuria ya maji ya moto ya kuongeza kwenye pombe. Nikamzuia: "Shangazi, kioo ya zamani itapasuka. Ipoe kwanza." Akanisonya, lakini akangoja.

Sasa sikilizeni. Kwenye mtungi ya udongo hakuna anayejua nani amevuta sana. Kwenye kioo kila mutu anaona.

Msemaji wa upande wao akaweka mrija, akavuta. Pombe ikashuka, ikashuka, bantu bote macho kwenye vaze. Shangazi akasema polepole, "Mukwe, achia na bengine."

Yule mzee wa desturi njo alianza kucheka, mpaka akavua kofia apanguse machozi. Baada ya pale mambo ikaenda mbio. Aline akakubaliwa hata pombe haijaisha.

Siku ya kuhamia kwa bwana yake, hakuniomba kitu. Mi mwenyewe nilimfungia ile vaze. Nilifurahi, na iliniuma, yote mbili.

Funzo nililopata: kitu kizuri ukikifungia kwenye étagère, unakijua nusu. Ile vaze niliipenda zaidi siku ilinuka pombe.

Wenye kukusanya vitu vya zamani, nyinyi munatumia ama munaangalia tu? Na mungemwachia dada? Semeni hapa chini.

Juzi nilimtembelea Aline. Vaze iko katikati ya meza, inang'aa. Ameitia maua ya plastiki.

Nimekunywa chai yangu.