Petali ya Tano

Mama mdogo anapokea simu za watu ofisini kutwa nzima, na jioni anafuma vitambaa vya meza na wenzake wa kikundi. Haogopi mtu.

Juzi mwenzao mmoja, wanayemwita Mapambo, alileta kitambaa cha maua. "Nimekibuni mwenyewe," akasema, wakampigia makofi. Mama mdogo akakitandaza magotini, akahesabu kwa kidole.

"Shoga, mbona kila ua petali ya tano ni fupi?"

"Ndio mtindo wenyewe."

"Mtindo gani! Siku nafuma changu cha kwanza mwanangu alikuwa na homa, nikaruka mishono miwili, petali ya tano ikatoka fupi. Nikaipenda, nikaiacha hivyo hadi leo."

Mapambo akapandisha sauti: "Hata wewe ua hili umelitoa kwa wifi yako!"

"Ndiyo, na kila anayeliuliza namtajia wifi. Tena yeye petali zake zote ni ndefu. Ungeniomba ningekufundisha, lakini wewe umeniibia hadi kosa!"

Mapambo akainamisha kichwa. Mama mdogo akamwekea donge la uzi mapajani.

"Haya, fuma upya. Na safari hii, ukikosea, kosa liwe la kwako."