Kope la Mpambaji

Mpambaji wa maharusi pale Kilindoni hakuwa mtu wa haraka. Kila akimaliza kuchora ua moja la piko mkononi mwa bibi harusi hulipuliza taratibu, akajisemea “haya”, kisha akaendelea. Leo alipuliza bila kusema neno, na kila mara akaligusa jicho la kushoto kwa kifundo cha mkono. Husna, bibi harusi mwenyewe, akaona kope limelegea hadi nusu ya jicho. Akashtuka, maana bibi yake alianza hivyo hivyo kabla ya kupooza.

“Mama, tukupeleke hospitali?”

Mpambaji akatazama mlangoni, akanong'ona. “Si kiharusi, mwanangu. Nilidungwa sindano za kuondoa makunyanzi kule Dar, dawa ikateremkia kope. Wanasema litarudi lenyewe.”

“Kwa nini lakini, mama?”

“Maharusi hunitazama mimi kabla ya kutazama kioo.” Akajaribu kucheka. Mdomo ulicheka, paji la uso likabaki laini, halikujikunja hata kidogo. “Na lisiporudi, nani atanipa uso wake niupambe?”

Husna akamnyooshea mkono wa pili, ambao ulikuwa haujachorwa. Mpambaji akaushika, lakini macho yake yakabaki usoni kwa Husna, akakawia kuanza.