Ngazi ya Mabua

Nimefundisha DNA hadi nimechoka nayo. Juzi niliwapa wanafunzi wangu, watoto wa wakulima wa tumbaku wa Itetemia, vipande vya mabua watengeneze ile ngazi inayobeba urithi ndani ya seli. Kila kipandio kilitaka kipande kirefu kimoja na kifupi kimoja, ili upana ulingane. Wao wakaunga virefu kwa virefu na vifupi kwa vifupi, kama wanavyopanga majani ya tumbaku kwao. Ngazi ikatoka na matumbo na viuno. Nikafoka mpaka koo likakauka: mkubwa hushikana na mdogo!

Jioni nikakaa na mke wangu kupanga tumbaku yetu. Akaninyang'anya fungu.

“Mwalimu, umechanganya makubwa na madogo. Nani atainunua? Nenda kalale.”